Safu Kumi na Moja za Tandiko la Dorah

Migori mjini
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwa dada yangu Mama Dorah, na kwa Mama yetu atakayesomewa,

TANGAZO RASMI. Kwa heshima na taadhima ninautangazia umma wa Rangwe, wakiwemo kuku wote wa Mama na yule mbuzi wa pembe moja, kwamba siku ya Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi Ogeto, muuza misumari, bawaba na mabati, nilivaa miwani kwa mara ya kwanza. Hafla hiyo ilihudhuriwa na mke wangu Mellen na mteja mmoja. Hotuba zilikuwa fupi. Mellen alisema nafanana na karani wa chifu aliyefutwa kazi. Mteja aliomba kupunguziwa bei.

Cha kwanza nilichokiona vizuri ni uso wangu kwenye kioo, na juu ya hilo nitanyamaza. Cha pili ni tandiko la kitanda la Dorah.

Mama, tangu mlipolituma kwangu mwezi wa tisa nilimalizie, nimelilea kama yai. Hapa dukani hakuna anayejua kwamba mzee wa miaka hamsini na tatu anakaa nyuma ya mifuko ya simiti akifuma kwa sindano ya kroshia. Mtu akiingia, nalisukuma chini ya kaunta na kukohoa. Lakini nani mwingine angelimaliza? Katika watoto wako ni mimi pekee niliyevunjika mguu nikiwa darasa la tatu nikakaa muhula mzima miguuni pako, sindano mkononi. Wenzangu walijifunza mpira.

Sasa basi, miwani. Safu thelathini na nane za kwanza ni Mama mwenyewe. Unaweza kupimia rula. Lakini kuanzia ya thelathini na tisa, jamani! Sisi Wasabato hatujui pombe ya busaa, ila tumewaona walioionja, na hizo safu zinatembea vile vile. Moja imepoteza mishono mitatu, inayofuata imeiokota minne, na ukingo umeingia ndani kama kiuno cha nyigu. Nimehesabu safu kumi na moja za namna hiyo.

Usihuzunike, Mama. Ni mkono uliougua tangu kile kiharusi cha mwezi wa sita, si wewe. Niachie mimi. Nani aliyenifundisha kwamba penye kosa panafumuliwa hadi kosa litoke?

Barua hii inakuja na Okemwa kwenye pikapu yake ya sukari nguru, kwa hiyo ikinata vidoleni, mlaumuni yeye.

Wako,
Baba Duke (mwenye macho manne)


Rangwe
16 Novemba 2025

Baba Duke,

Barua ilifika, imenata kama ulivyosema. Nilimsomea Mama yote, kwa sauti, maana unajua hataki simu, anasema simu haishikiki. Tulipofika kwa karani wa chifu alicheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Tulipofika kwa busaa alicheka hadi nikamsimamisha apumue.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasoma.

Sikiliza sasa. Mama amesema niandike upesi, na ameyasema maneno haya yeye mwenyewe, polepole, neno moja moja: zile safu kumi na moja usiziguse. Usifumue hata mshono mmoja. Endelea kuanzia pale zilipoishia, umalize, ulete Krismasi.

Dorah atatoka Kisegi na mumewe Tony tarehe ishirini na tano. Unajua desturi ya nyumba hii tangu baba akiwa hai: zawadi ya Krismasi ni ya mkono, cha duka kibaki dukani. Na kila mjukuu wa kike akiolewa anapata tandiko la Nyanya. Dorah ni wa kwanza. Mama anataka kumpa yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Kila jioni anajizoeza kwa kuinua shuka lililokunjwa. Juzi lilimponyoka mara sita. Anasema mwaka huu amelishwa, ameogeshwa, amevalishwa na watu, na kitu pekee alichofanya yeye ni tandiko hilo.

Kwa hiyo nijibu kwa Okemwa: hujafumua, sivyo?

Nyatichi


Migori
23 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu, Mama Dorah,

Kufumua? Mimi? Sijagusa mshono hata mmoja. Tandiko limelala salama ndani ya mfuko wa ngano, limefunikwa, linapumua vizuri. Mwambie Mama alale.

Nimemtuma Okemwa na vipande vinne vya sukari nguru, viwili vya Mama na viwili vya kukulainisha wewe. Mellen naye anakausha ndizi za kutia kwenye keki yake ya sufuria, ile ya moto juu moto chini. Mwaka jana ilitoka nyeusi kote kote tukaila kwa imani. Mwaka huu ameniambia nisisogelee jiko.

Jambo dogo tu, kwa kumbukumbu. Katika zile safu kumi na moja, unakumbuka ya tatu ilikuwa na mishono mingapi? Na ule upande ulioingia ndani, ni wa kulia au wa kushoto ukilitazama tandiko kwa mbele? Na pale palipokuwa na fundo dogo, ni safu ya saba au ya nane? Hakuna haraka. Ila Okemwa anarudi Jumatano.

Hapa mvua imenyesha hadi mabati yameanza kununuliwa. Namshukuru Mungu na kuwahurumia majirani.

Ndugu yako akupendaye sana,
Ogeto


Rangwe
30 Novemba 2025

Kwa Bw. Ogeto,

Kwa nini unaniuliza mimi? Tandiko liko kwako. Vaa miwani uhesabu.

Mpe Okemwa alilete wiki hii, lilivyo, hata kama hujamaliza. Mama anataka kulishika.

Barua yako nilimsomea hadi kwenye keki ya Mellen, nikaacha. Aliniangalia akauliza, "Imeishia hapo?" Nikasema ndiyo. Umenifanya nimdanganye mama yangu.

Nyatichi


Migori
7 Desemba 2025

Mama Dorah,

Siku hizi nimekuwa Bwana! Mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa kwa barua ya benki, na haikuwa na habari njema.

Siwezi kumpa Okemwa. Pikapu imejaa sukari nguru, na sukari nguru imejaa siafu. Unataka Dorah alalie siafu? Nitalileta mwenyewe, Jumanne tarehe ishirini na tatu, na litakuwa limekamilika na kunyooka.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, niseme wangu. Sielewi vita hivi. Mkono mgonjwa ulifuma safu kumi na moja mbaya. Mama angekuwa mzima angezifumua yeye mwenyewe asubuhi hiyo hiyo, na angetukaripia kwa kuzitazama. Umesahau alivyotufanya? Nilifumua kola nzima ya sweta kwa sababu ya mshono mmoja, nikilia. Je, Dorah atandike kitanda chake kwa ugonjwa wa nyanyake, kila mgeni aone? Hiyo ndiyo heshima?

Tena usinifundishe sindano, dada. Mimi nakujua. Wewe ndiye uliyefuma soksi ya baba ikatoka mfuko wa chumvi, na mpaka leo uko jikoni umetiwa chumvi. Wewe na sindano mlisalimiana lini?

Nacheka, usikasirike.

Ogeto


Rangwe
14 Desemba 2025

Ogeto,

Barua yako sikumsomea Mama, na hii hajui kwamba naiandika. Nimeketi kibandani kwangu sokoni, nimegeuzia wateja kisogo.

Umeuliza mimi na sindano tulisalimiana lini. Nitakujibu. Tarehe nane Julai, saa kumi alasiri.

Zile safu si za Mama. Ni zangu.

Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala kama kitu cha mtu mwingine. Wiki ya pili akaniomba nimletee tandiko. Nikamwekea mapajani. Alilitazama siku nzima. Halafu akaniambia, "Shika sindano." Nikamwambia, Mama, unanijua. Akasema, "Nakujua. Shika."

Akawa anavuta ukingo kwa mkono wa kushoto ili ukae wima, mimi nafuma. Kila alasiri, nikifunga kibanda. Safu moja ilichukua siku nne, tano. Nilikuwa natokwa na jasho kama napanda mlima. Safu ya kwanza ilipoisha niliona mwenyewe ilivyopinda. Nikashika uzi nivute, maana nimeambiwa "fumua" katika nyumba hiyo tangu nikiwa na miaka sita. Wewe uliambiwa mara moja ukarekebisha. Mimi nilifumua hadi nikaacha kabisa kushika uzi, nikaenda kuuza nyanya.

Mama akanikamata mkono kwa ule mkono wake mmoja. Akasema, "Acha."

Neno hilo moja tu. Nina miaka arobaini na tisa na sikuwahi kulisikia kwake. Nikaendelea. Kila safu nilimtazama, nikingoja aseme fumua. Alisema acha. Mara kumi na moja.

Tukakubaliana tusikwambie. Mama alisema, "Tumtumie, tuone kama atatambua mkono wako." Nilingoja barua yako kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Ikaja ile ya busaa, nami nikaisoma kwa sauti hadi mwisho.

Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na usinitanie: umezifumua?

Nyatichi


Kisegi
29 Desemba 2025

Mpendwa mjomba,

Natumaini mlifika Migori salama, wewe na mama Mellen. Tony anawasalimu, na anasema keki ilikuwa tamu hata chini ilikoungua. Nakuandikia kwa karatasi kama mnavyopenda ninyi wazee, ingawa ningekutumia ujumbe kwa simu ungefika kabla sijameza mate.

Mjomba, nina maswali. Nimetandika tandiko la Nyanya na sichoki kulitazama. Lakini kwa nini halikuisha? Nilipewa likiwa na sindano bado inaning'inia, na donge la uzi limefuatana nalo. Huo uzi wenyewe umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa, na wa mwanzo umenyooka. Kwa nini safu zinaanza zimenyooka, zinaenda zikipinda, halafu ile ya mwisho kabisa imepinda kuliko zote?

Na kwa nini nilipogusa hiyo ya mwisho nikasema, "Aki, hapa Nyanya alikuwa amechoka," nyote watatu mlicheka hadi Nyanya akapaliwa, kisha mama akaenda nyuma ya nyumba akakaa kitambo?

Nimemuuliza mama. Anasema, "Muulize mjomba wako." Nimemuuliza Nyanya kwa simu ya mama. Akasema tu, "Ogeto."

Basi nakuuliza.

Mpwa wako,
Dorah


Migori
Jumapili, 4 Januari 2026

Dorah mwanangu,

Leo hakuna tangazo rasmi. Nimelitafuta nikalikosa.

Nitakwambia ilivyokuwa, kwa sababu tandiko ni lako na unalala juu ya ujinga wangu. Ni haki yako kujua ni ujinga wa aina gani.

Safu thelathini na nane za kwanza alifuma nyanya yako akiwa mzima. Kumi na moja zilizofuata alifuma mama yako, Nyanya akimshikia ukingo, baada ya kiharusi. Hizo huzioni kwenye tandiko kwa sababu nilizifumua mimi, Jumapili ya tarehe tisa Novemba, jioni, nikiwa nimevaa miwani yangu mipya. Asubuhi niliwaandikia barua ya mzaha kuzihusu. Sikungoja jibu. Nilijiambia natii mafunzo ya Nyanya, kwamba penye kosa panafumuliwa. Hilo ndilo nililojiambia kila mara, na si kweli, au si kweli yote.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga Rangwe tangu Agosti. Nilituma sukari nguru, nilituma mizaha. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta Nyanya akilishwa uji, ukamtiririka kidevuni, nami nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Nilipoziona zile safu nilidhani nauona ule mkono wake uliokufa, na sikutaka uwepo. Nilivuta uzi. Unatoka kwa urahisi, Dorah, unatisha. Kazi ya miezi miwili ilikwisha chai ikiwa bado ya moto. Nilipofika safu ambayo nilijua ni ya mkono wake mzima, nikaacha, nikajisikia nimemponya.

Wiki moja baadaye ikaja barua ya mama yako: usiguse. Nikaandika sijagusa.

Nilidanganya nikiwa Msabato tangu miaka thelathini na mmoja iliyopita, mzee wa kanisa, mwenye ufunguo wa sanduku la sadaka. Kisha nikajaribu kuufanya uongo uwe kweli. Nilifuma upya safu kumi na moja nikijaribu kukosea. Usicheke. Nilipoteza mishono mitatu hapa, nikaongeza minne pale, nikatia na fundo. Mellen alizitazama akasema, "Maua mazuri, umeyatoa wapi?" Makosa yangu yalikuwa yamejipanga. Nikafumua, nikajaribu tena, ndiyo maana huo uzi wako umejikunja hivyo. Sabato moja nilijikuta nimeshika sindano kabla ya ibada, nikairudisha chini ya kaunta.

Halafu mama yako akaniandikia zilikuwa za nani. Barua niliisomea dukani nimesimama. Kuna mtu alikuwa ameomba misumari, nikampa bawaba, akaondoka nazo.

Sikumjibu. Nilichukua mfuko tarehe ishirini na tatu, tukaja. Mama yako alikuwa mlangoni. Hakusalimu. Aliingiza mkono ndani ya mfuko bila kutazama, akapapasa, akalikuta donge la uzi. Akalishika hivyo kwa muda. Akatoa mkono, akaingia jikoni. Jioni hiyo niliwekewa chai isiyo na sukari, mimi mleta sukari nguru, nikainywa yote.

Nilikwenda kwa Nyanya nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilijua. Uliandika, niachie mimi. Ndiyo maana nikamwambia aandike upesi." Nikamwomba msamaha. Akageuza uso ukutani akasema, "Wa kuombwa si mimi."

Basi tarehe ishirini na nne, baada ya chakula cha mchana, mama yako alitoka na kiti akakiweka mbele ya Nyanya. Akaketi. Akasema bila kunitazama, "Leta." Nikampa tandiko. Nyanya akashika ukingo kwa mkono wa kushoto, mama yako akaanza kufuma ile safu ya thelathini na tisa upya. Kazi yangu ilikuwa kushika donge lisibingirike. Mellen alichungulia mlangoni mara moja akarudi kwa keki yake.

Mama yako alifuma safu tano, tatu siku hiyo na mbili asubuhi ya Krismasi kabla hujafika. Sasa ana mkono mwepesi kuliko wa Julai, lakini zimepinda, ashukuriwe Mungu, zimepinda kwa namna ambayo mimi nisingeweza hata kwa kulipwa. Kila moja ikiisha anamtazama Nyanya, na Nyanya anasema, "Acha."

Ya tano ilipoisha, saa tatu asubuhi, ninyi mkiwa tayari njiani, mama yako aligeuka akanipa sindano.

"Fuma moja."

Nikamwambia, Nyatichi, usinifanyie hivyo.

"Moja tu. Wewe si fundi?"

Nikafuma. Nilifuma kwa moyo wangu wote, nikitaka kumpendeza. Ikatoka imenyooka kama waya. Akanivua miwani usoni, akaivaa yeye, akainama akaikagua mshono kwa mshono kama mkaguzi wa shule. Akasema, "Fumua."

Nikatazama kwa Nyanya. Nyanya alikuwa anatazama kuku.

Nikafumua. Nikafuma tena. Akakagua. "Fumua." Mara ya tatu, "Fumua." Dorah, nimefumuliwa nikiwa mtoto, lakini sikujua inavyouma mpaka asubuhi hiyo, mtu mzima mwenye kitambi na mwana aliyeko chuo kikuu. Mara ya nne miwani alikuwa bado nayo yeye. Nilikuwa nafuma kwa kupapasa, macho yamejaa maji, vidole havinisikii. Nilijua nimeruka mishono. Nilijua ukingo umeingia ndani. Nilipomaliza sikuthubutu hata kumpa. Nilishika uzi mwenyewe nivute.

Mama yako akanikamata mkono.

"Acha," akasema.

Hiyo ndiyo safu uliyoigusa ukasema Nyanya alikuwa amechoka. Ni yangu. Zilizobaki Nyanya amesema utafuma wewe, ndiyo maana umepewa sindano.

Mjomba wako,
Ogeto